Tarehe Niliyokataa Kuisogeza

Watu wengi wanaonijua kupitia kazi hii husema mimi ni mkali. Wengi wao nimewahi kuwafungia nje, kwa hiyo nawaelewa. Lakini mtu anayefunga mlango siku ile ile aliyoitangaza si mkali. Ni mtu wa kuaminika tu, na kama hilo linafanana na ukali, basi shida iko kwa waliozoea kudanganywa.

Nieleze kwanza ninachofunga. Nyumbani kwangu Kinoru, hapa mjini Meru, nina meza, kompyuta na birika la chai. Kwenye meza hiyo ndipo ninaposimamia matoleo ya programu moja ya simu inayoweka rekodi za mifugo. Ilianza na ng'ombe peke yake. Mkulima au daktari wa mifugo anaandika: ng'ombe huyu alipandishwa siku fulani, atazaa siku fulani, amechanjwa, amedungwa dawa hii, maziwa yake yasinywewe mpaka siku ile. Programu yenyewe ni huria, maana yake haina mwenyewe wa kuiuza. Maandishi yake ya ndani yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyachukua bure na kuyaongezea kitu. Wanaoyaongezea ni walimu, madaktari wa mifugo, vijana wa Meru na Embu, na watu wa ng'ambo ambao hatujawahi kuonana nao. Hakuna anayelipwa. Na kwa kuwa hakuna anayelipwa, hakuna anayeweza kufukuzwa, na hapo ndipo kazi yangu inapokuwa kazi.

Mara mbili kwa mwaka tunatoa toleo jipya. Kabla ya kila toleo kuna siku ambayo ikishapita hakuna kitu kipya kinachoingia. Kasoro tunarekebisha, ndiyo, lakini hakuna mtu wa kuja na sehemu mpya na kusema ipokeeni. Kwa Kiingereza cha kazi inaitwa feature freeze. Sisi tunaiita siku ya mlango. Wiki zinazofuata ni za kujaribu tu. Tunabonyeza kila mahali, tunaandika vitu vya kipumbavu makusudi, tunazima simu katikati ya kazi tuone nini kitaharibika. Usipokuwa na wiki hizo, atakayekugundulia kasoro ni mkulima, na mkulima hana subira yako.

Msimamizi aliyenitangulia alikuwa mtu mzuri sana, na nasema hivyo bila kejeli. Shida ni kwamba alitangaza siku ya mlango jinsi kwetu tunavyoandika kadi za harusi. Kila mtu wa huku anajua: kadi ikisema ibada ni saa nne, saa nne bibi harusi bado yuko saluni. Mwenye kuandika kadi anajua mtachelewa, kwa hiyo anataja saa ya uongo. Nyinyi nanyi mnajua ametaja saa ya uongo, kwa hiyo mnachelewa zaidi. Hakuna anayekasirika. Mgeni akifika saa nne kamili anapewa kazi ya kupanga viti. Mimi nimepanga viti hivyo mara nyingi maishani mwangu na sijawahi kufurahia hata mara moja.

Kwa harusi si neno, chakula kitangoja. Programu haingoji. Yule msimamizi alitangaza tarehe moja huku moyoni ameweka nyingine ya mbele. Watu wakajua ameiweka, wakaikisia, kisha wakaongeza siku zao juu yake. Vitu vipya vikawa vinaingia mpaka asubuhi ya toleo lenyewe. Ndivyo lilivyotoka toleo moja lililokosea tarehe za kuzaa kwa mwezi mzima, kwa sababu ya kitu kidogo kilichopokelewa dakika ya mwisho ili mtu asivunjike moyo. Mama yangu, anayefuga ng'ombe kule Muthara, aliambiwa na simu kwamba ng'ombe wake atazaa wiki hiyo. Akamtandikia nyasi, akaacha kwenda mazishi ya jirani, akakaa zizini akingoja. Ng'ombe akamtazama tu, akaendelea kutafuna. Mama hakujua kwamba programu hiyo ndiyo kazi ninayoifanya Kinoru, nami sikuona haja ya kumjulisha wakati ule.

Nilipokabidhiwa usimamizi, nilikuwa tayari nimeona mtu anayejua kufunga. Ni mwenye bucha wa chini ya nyumba ninayokaa, mzee Mwislamu mwenye sauti ya chini. Kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri anafuta kisu, ananawa, anashusha mlango wa chuma, hata kama kuna mteja amesimama akionyesha paja la mbuzi kwa kidole. "Nitakuwa hapa saa nane," anasema kwa upole, na saa nane unamkuta. Sijawahi kusikia mteja akigombana naye. Hajawahi kumfungulia mtu hata mmoja, ndiyo sababu. Angemfungulia mmoja, Ijumaa ya pili mlangoni pangekuwa na foleni. Nilimtazama mzee huyo kwa miaka nikaelewa kwamba anaweza kuwa mpole hivyo kwa sababu halegezi.

Basi toleo langu la kwanza nililipanga kwa kurudi nyuma. Maafisa wa mifugo walikuwa wakutane Embu kwa semina kabla ya chanjo ya mbuzi, na kwenye semina hiyo simu zao zote zingewekewa toleo jipya. Baada ya hapo kila mmoja angerudi eneo lake, kwingine hata mtandao ni wa kupanda kilima. Kitakachokosa kuwa ndani siku hiyo kingengoja msimu mwingine. Kutoka siku ya semina nikatoa wiki za kujaribu, nikatoa wiki za kurekebisha, nikaangalia kwamba siku ya mlango isigongane na mitihani ya shule wala na mvua za Oktoba, maana zikinyesha hizo watu wa Mbeere wote wako shambani wakipanda ndengu na huwezi kumpata mtu. Ikaangukia Ijumaa moja mwishoni mwa likizo ya Agosti. Nikaandika tangazo, nikalituma kwa barua pepe, nikarudia baada ya wiki, na nikajua vizuri kabisa kwamba hakuna aliyelisoma.

Huku kwetu jambo zito haliandikwi likatumwa. Ukinialika kwa ujumbe wa simu tu, hujanialika, umenijulisha kwamba kuna sherehe. Kwa hiyo nikampigia simu kila mmoja, mmoja mmoja. Wa Meru nikawaambia kwa Kimeru, wa Embu kwa Kiswahili, wa ng'ambo kwa Kiingereza changu cha polepole. Niliwaambia wote maneno yale yale: tarehe ni hii, haina nyingine nyuma yake. Wa ng'ambo walishangaa kwamba nimepiga simu. Wa kwetu walishangaa kwamba tarehe ni tarehe.

Mmoja wa niliowapigia alikuwa Mwalimu. Nitamwita hivyo hivyo, maana ndivyo ninavyomwita mpaka leo. Alinifundisha hesabu sekondari, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta cha shule yetu. Mistari ya kwanza ya programu niliyowahi kuandika niliiandika yeye akiwa amesimama nyuma yangu akinusa ugoro. Amestaafu sasa, anakaa kwao Siakago, huko Mbeere, kule chini kwenye joto, ambako ng'ombe ni wachache na mbuzi ndio mali. Kwa muda mrefu alikuwa akiandika sehemu ya mbuzi.

Na haikuwa sehemu ya mchezo. Mke wake ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji. Wanawake hao ndio wanaochunga, wanaokama, wanaokesha na mbuzi mgonjwa, lakini afisa akija kuchanja huandika jina la mwenye boma, yaani mume. Siku mume akitaka kitu, anamfunga mbuzi kamba anampeleka soko, na karatasi iko upande wake. Katika sehemu ya Mwalimu, programu inauliza mwenye mbuzi huyu ni nani, na haiendelei mpaka ijibiwe, mbuzi kwa mbuzi. Wanawake walipolisikia hilo walipiga vigelegele. Mwalimu akasimama mbele yao akawaahidi kwamba chanjo ijayo kila mbuzi atakuwa kwenye simu kwa jina la mwenyewe hasa. Ahadi ni deni, na hii aliitoa hadharani, mbele ya mkewe.

Nilipompigia na kumtajia tarehe, alicheka. "Sawa sawa, mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mwanafunzi wake. "Tumesikia."

Ningepaswa kujua kutokana na kicheko hicho. Mtu aliyesikia kweli huuliza swali.

Ijumaa ile nilifunga saa sita mchana. Ni kitu kidogo, unabonyeza mahali fulani na kuanzia hapo programu inakataa nyongeza mpya. Nikatuma tangazo fupi: mlango umefungwa, asanteni, sasa tujaribu. Kisha nikanywa chai yangu nikiwa nimenyoosha miguu, nikajisikia mtu mzima. Sitasema uongo, nilijivunia.

Wiki iliyofuata Mwalimu akapiga.

"Mama, mbuzi wale wako tayari," akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Nimemaliza jana. Nakutumia sasa hivi."

"Mwalimu, mlango ulifungwa Ijumaa."

"Niliona umeandika. Sasa ile tarehe yenyewe ni lini?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

"Hiyo ipi?"

"Hiyo ya Ijumaa. Hakuna nyingine."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiita mtu. Aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika. "Wewe ni mimi niliyekufundisha," akasema. "Na leo unanifungia mlango."

Nilikuwa na jibu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anafunga darasa kengele ikilia, ukifika baada ya kengele unasikiliza hesabu ukiwa dirishani. Lakini mtu hamjibu mwalimu wake hivyo, nikalimeza. Nikamwambia kazi yake nitaisoma, na nitampigia.

Niliisoma siku nzima. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia kubwa, na iligusa sehemu ya chanjo na sehemu ya wenye mifugo, ambazo ng'ombe nao wanazitumia. Ikiharibika, haiharibiki ya mbuzi peke yake. Nilitaka kumfungulia. Niseme wazi, nilitaka sana. Niliwafikiria wale wanawake na majina yao, nikamfikiria mzee wa watu akisimama mbele ya mkewe na mikono mitupu. Mmoja wa wenzetu wa ng'ambo akaniandikia kwamba kumruhusu mtu mmoja, tena mwenye sababu nzuri kama hii, hakutaua mtu. Nikamwandikia kwamba kila anayekuja amechelewa ana sababu nzuri, wabaya huwa hawaji kabisa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikampigia Mwalimu nikamwambia hapana, kazi yake itaanza kujaribiwa pembeni kwa ajili ya toleo lijalo. Akasema asante kwa Kiingereza, akakata.

Nilidhani tumemaliza. Nilisahau niko wapi.

Jumamosi asubuhi mlango ulibishwa, na huu ni mlango wa mbao wa nyumba yangu. Nikafungua nikakuta ujumbe umetumwa kwangu: ndugu mdogo wa Mwalimu akiwa na kofia mkononi, mzee wa kanisa lao akiwa na koti licha ya jua, na katikati yao, akiwa amevaa leso yake ya kutokea, mama yangu. Walikuwa wamepitia kwanza Muthara kumchukua. Walibeba sukari, majani ya chai na mkate mkubwa. Mwalimu mwenyewe hakuwepo, na hakutakiwa kuwepo. Mwenye shida hujitokeza baada ya wasemaji wake kumaliza. Nilijua utaratibu. Hivi ndivyo mtu anavyoombewa msamaha kwetu, au anavyoombewa mke. Sikuwahi kusikia mtu amekuja hivi kuombea programu.

Nikawakaribisha. Nikachemsha chai kwa majani yao wenyewe, mzee wa kanisa akaomba, tukazungumza kwanza habari za mvua na za afya. Kisha akasafisha koo.

"Tumetumwa," akasema. "Ndugu yetu anasema kuna mahali umefunga, na yeye kazi yake imebaki nje. Anasema hakudharau. Alijua tarehe, ila alijua vile tarehe zetu huwa. Tunaomba umfungulie, hata kidogo tu, apitishe, kisha ufunge tena."

Mama akadakia. "Mimi sijui umefunga nini, mwanangu," akasema, "lakini mfungulie mwalimu wako. Mtu aliyekufundisha kusoma ni mzazi."

Nilishindwa nicheke au nilie. Kumkatalia Mwalimu kwenye simu ni kitu kimoja, kumkatalia mama akiwa ameshika kikombe changu ni kingine. Nikavuta kiti karibu naye. Nikawaeleza wote watatu polepole, jinsi kila kipya kinavyoweza kuvunja cha zamani, na kwa nini tunahitaji wiki za kujaribu. Nikachukua simu yangu nikawaonyesha programu yenyewe, picha ya ng'ombe na rangi yake ya kijani.

Mama akaikodolea macho. "Ngoja kwanza," akasema. "Si hii ndiyo iliyonikalisha na ng'ombe?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Nikakosa mazishi?"

"Ndiyo. Iliharibika kwa sababu kuna mtu alifunguliwa mlango wakati wa mwisho. Alikuwa mtu mzuri pia."

Mama akaweka kikombe chini. Aliwatazama wale wazee wawili, akanitazama mimi, akafunga fundo la leso upya. "Hawa ni watu wazuri," akasema, "na nimekula mkate wao. Lakini usifungue."

Ndugu yake Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Mzee wa kanisa hakucheka. Aliuliza swali lililokuwa la haki: "Sasa turudi tukamwambie nini?"

"Msimwambie mengi," nikasema. "Mwambieni nitakuja mwenyewe siku ya mkutano wa kikundi. Wale wanawake waliahidiwa kwa mdomo. Nitawaambia kwa mdomo."

Walikubali hilo. Habari mbaya ukiipeleka mwenyewe huku kwetu, hata aliyeumizwa nayo anakupa kiti.

Wiki za kujaribu zilikuwa tulivu, utulivu ambao programu ile haikuwahi kuupata tangu izaliwe. Kwa kuwa hakuna kipya kilichokuwa kikimwagwa juu yetu, tuliona vya zamani. Daktari mmoja wa mifugo aligundua kwamba siku za kutokunywa maziwa baada ya dawa zilikuwa zinahesabiwa kuanzia siku ya kuandika na si siku ya kudunga sindano. Ilikuwa imejificha pale muda mrefu. Tukairekebisha. Toleo likatoka siku yake, likawekwa kwenye simu za maafisa kule Embu, na siku zilizofuata simu yangu ikanyamaza. Katika kazi hii mtu akikusifu sana jua ana ombi; sifa ya kweli ni kimya. Niliifurahia, lakini nusu yangu ilikuwa imeshatangulia Siakago.

Nilifika kule kabla ya adhuhuri. Mtu wa Meru akishuka Siakago kitu cha kwanza anachofanya ni kuvua sweta, na mimi nilivua. Kikundi hukutana kwenye ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati, na siku hiyo ulikuwa umejaa, wengine wamekaa kwenye mabenchi na wengine chini na watoto wao. Mwalimu alinipokea mlangoni. Alinipa mkono, akaniita madam. Kuanzia sekondari mpaka siku ile hakuwahi kuniita hivyo. Niliumia, na nikanyoosha mgongo.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Ningesema "sisi". Ningesema sisi wa programu hatukuwahi, sisi tunaomba msimu mmoja zaidi, na jina la Mwalimu lisingetajwa kabisa. Tarehe nilikuwa nimeilinda, na nikaona ninaweza kuilinda pia heshima ya mzee. Mke wake akafungua mkutano kwa maombi, akanitambulisha, akaniashiria nisimame.

Mwalimu akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwenyekiti," akamwambia mke wake, "naomba nitangulie."

Akasimama. Alizungumza Kimbeere, polepole, ili na mimi nisikie. Kimbeere na Kimeru si mbali. "Niliwaahidi kwamba mbuzi wenu watakuwa kwenye simu chanjo hii," akasema. "Hawatakuwa. Huyu mnayemwona alinipigia akanitajia siku kwa mdomo wake. Nikajiambia, huyu ni mtoto wangu, atanifungulia tu. Nikawatuma na wazee. Hakuna mwingine aliyechelewa. Ni mimi." Akakaa, akatazama viatu vyake.

Mke wake hakumwokoa. Aliandika kitu mbele yake, akainua uso akangoja atakayesema. Maneno yangu yote ya "sisi" yalikuwa hayana kazi tena, na nilimpenda mzee yule siku hiyo kuliko siku zote alizonifundisha.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, mwembamba, mwenye shuka la bluu, akauliza bila kusimama. Alinitazama mimi, si Mwalimu. "Kwa hiyo mbuzi wangu ni wa mume wangu mpaka lini?"

Nilitaka kumwambia pole. Lakini pole haijawahi kumwandikia mtu mbuzi. Nikamwambia kitu pekee nilichokuwa nacho, siku ya mlango ijayo. Nikaitaja, nikairudia. Nikasema mbuzi wakiwa ndani kabla ya siku hiyo, toleo litakalotoka kabla ya mvua za Machi litakuwa na majina ya wenyewe.

"Na mzee wetu akichelewa tena?" akauliza.

"Nitamfungia tena."

Mtu mmoja alicheka mbele, akazibwa mdomo. Yule wa shuka la bluu hakucheka. Alikuwa ananipima. "Na utakuja tena hapa utuambie?"

"Nitakuja."

"Basi hatachelewa," akasema. "Tutamsukuma."

Na walimsukuma, masikini. Mwalimu alinisimulia mwenyewe kwenye simu, akiwa amerudia kuniita mama. Kila Jumamosi walikuwa wanajaa uani kwake na simu zao, wanabonyeza kila kitu, wanabishana kama mapacha wa mbuzi waandikwe pamoja au mbalimbali, na mmoja akagundua kwamba programu ilikubali beberu azae. Mwalimu alilalamika hana tena Jumamosi wala amani. Alimaliza mapema kuliko mtu yeyote, na mbuzi wakaingia wakati mimi nilikuwa hata sijaanza kupiga simu za kukumbusha.

Mwaka uliofuata wakati wa chanjo nilishuka tena Siakago, mara hii bila habari mbaya. Nilisimama kando ya zizi la kuchanjia, vumbi mpaka kwenye meno. Afisa alikuwa kijana mwenye haraka. Mwanamke wa shuka la bluu akafika na mbuzi wake, mumewe nyuma yake amekunja mikono. Afisa akachoma sindano, akatoa simu, na kwa mazoea akamgeukia mume.

"Jina?" akamuuliza.

Mume akakohoa. Kabla hajasema, afisa akaitazama tena simu, akasoma swali lililoandikwa pale, akasoma mara ya pili. Kisha akamgeukia mwanamke. "Inauliza mwenye mbuzi ni nani."

"Ni mimi," akasema.

Akataja jina lake lote, la ubatizo na la kwao, taratibu, afisa asije akakosea. Afisa akaliandika, akamwambia amlete wa pili.